Kilichomuua Fidele

Gaspari alinusurika kwa sababu mkewe alimfichia suruali.

Ulikuwa mwaka themanini na nne, msimu wa kuchuma kahawa, katika kijiji kimoja cha upande wa Songambele. Siku hiyo Gaspari alikuwa ameahidiana na rafiki yake Fidele Nsabimana wakutane kwa Placidia, mama aliyekuwa akiuza enkonyagi, ile pombe kali inayotokana na ndizi. Eustadia, mke wa Gaspari, alikuwa amechoka kumwokota mumewe njiani. Alizikusanya suruali zake, akazifungia kwenye sanduku la bati, akauvaa ufunguo shingoni, akaenda kuchuma kahawa. Gaspari alishinda ndani amejifunga kanga ya mkewe, akitukana peke yake mpaka sauti ikamkauka.

Kesho yake mchana ikaja habari kwamba Fidele anaumwa tumbo, na kwamba kila anakotazama anaona ukungu mweupe. Kabla jua halijazama alikuwa amekufa. Wengine wawili waliokunywa naye walipona, lakini mmoja wao hakuona tena maisha yake yote.

Msibani watu walisema ni homa. Wengine walinong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Mwenyekiti wa kijiji, Aristides, alisimama akatoa pole kwa niaba ya wote, akasema kifo hakina taarifa, na akawaomba wanywaji wapunguze. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Baada ya hapo wakamzika Fidele pembeni mwa kibanja alichokuwa akilima kwa kuazima, kwa sababu hakuwa na ardhi yake. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa bado anabebwa mgongoni, na maisha yake yote alikuwa amepalilia na kuchuma kahawa za watu.

Watu walipoanza kutawanyika, mjane wa Fidele, Vestina, alimfuata Gaspari hadi kwenye migomba.

"Shemeji," alimwambia, "mlikuwa mnakunywa pamoja kila siku. Wewe uko hai. Niambie, mume wangu alikunywa nini?"

Gaspari hakuweza kumweleza habari ya sanduku na kanga. Alirudi nyumbani akiwa na lile swali, na ni aibu, zaidi ya ushujaa, iliyomwanzisha katika mambo yaliyofuata.

Inafaa kusema alikuwa mtu wa namna gani. Kabla ya vita vya Uganda Gaspari alikuwa kijana mwenye sauti kubwa na mikono ya kazi. Vita vilipoanza mwaka sabini na nane alikwenda na mgambo, na huko ng'ambo risasi ikampitia pajani. Aliyembeba mgongoni kuvuka kinamasi cha mafunjo, maji yakimfika kifuani, alikuwa Aristides, huyohuyo aliyekuja kuwa mwenyekiti. Walirudi wote wawili. Aristides alirudi na heshima. Gaspari alirudi na mguu unaochechemea na kiu ya waragi, pombe kali ya Uganda, na kwa kuwa waragi ilikuwa adimu, akahamia kwenye enkonyagi ya Placidia. Kibanja alichorithi kwa baba yake, migomba na mibuni pamoja, kililimwa na Eustadia. Gaspari mwenyewe alikuwa mkali, mwepesi wa kutukana, na alipenda sana kuonekana mtu wa maana. Hata waliompenda walikiri hivyo.

Alianza kwa Placidia. Hakwenda kwa utaratibu. Aliingia akipiga kelele, akapiga teke mtungi ukapasuka, akamwambia atampeleka polisi. Placidia alikuwa mwanamke mwembamba, ameachwa na mume, ana watoto watatu. Alilia, kisha akasema. Msimu ule ndizi za kutengenezea pombe zilikuwa chache, na wanywaji walikuwa wengi kwa sababu ya kahawa. Mtu mmoja alimletea kitu cha kuongezea makali, kwenye dumu. Aliambiwa ni spiriti safi. Alichanganya kidogo mara ya kwanza, watu wakasifu. Mara ya pili akazidisha.

"Nani alileta?" Gaspari aliuliza.

Placidia alitikisa kichwa. Alisema tu kwamba madumu yanatoka Murongo, mpakani, na kwamba zaidi ya hapo hata amuue hatasema.

Hapo ndipo Gaspari alipofanya jambo ambalo baadaye alikuwa akilisimulia ameinamisha kichwa. Badala ya kuondoka, aliomba kikombe.

"Hata baada ya Fidele?" Placidia aliuliza.

"Kile cha zamani," Gaspari alisema. "Kile ulichopika mwenyewe."

Akakinywa, na kingine, na alipoamka nusu ya aliyoyasikia yalikuwa yamempotea. Ilimbidi arudi tena kuuliza, safari hii kwa upole, amebeba mtungi mpya aliouomba kwa shangazi yake.

Safari ya Murongo aliifanya akiwa mkavu, hajanywa tone. Alipata lifti juu ya lori la kahawa, na sehemu iliyobaki akaitembea kwa mguu wake mbovu. Miaka ile sabuni, chumvi na nguo vilikuwa taabu kupatikana madukani, na Murongo palikuwa mahali pa kila kitu: watu walivusha vitu kwa njia za panya, wakati mwingine mchana kweupe. Gaspari hakujua kuuliza kwa kificho. Alimwuliza kila mtu kuhusu spiriti, mpaka wachuuzi wakaanza kumkimbia. Aliyemhurumia alikuwa Kantengwa, mama aliyeuza sabuni za vipande kando ya barabara. Alimwita nyuma ya kibanda chake akamwambia asipaze sauti.

Spiriti hiyo, Kantengwa alisema, ni ile ya kuwashia taa za karabai. Haifai kwa tumbo la mtu, na kila mtu pale Murongo anajua hivyo. Upande wa Songambele husafirishwa kwenye madumu ya dawa ya kunyunyizia mibuni, ili njiani asiwepo mtu wa kutaka kuyafungua na kunusa.

"Nani anayachukua?"

"Jina silijui. Ni mtu anayeheshimika. Mgambo wa huko kwenu wanamsalimia kabla hajafika."

Gaspari alishika neno mgambo. Kichwani mwake alikwishampata mhalifu: kamanda wa mgambo wa kijiji, mtu aliyewahi kumtia pingu kwa ulevi na ambaye alimchukia tangu hapo. Njia nzima ya kurudi alijiona kama mtu aliyeshinda kesi. Neno lile lingine, kwamba ni mtu anayeheshimika, lilimpita sikioni.

Eustadia alimsikiliza mwanzo hadi mwisho, akiwa anamenya ndizi. Hakumsifu. Alimwambia afanye lolote analoona ni haki, ila majina ya wale wanawake ayafunge kifuani mpaka siku watakapoulizwa mbele ya serikali.

Jioni ileile Gaspari alikwenda kwa Aristides akamweleza yote. Alimtaja Placidia. Alimtaja Kantengwa na mahali anapokaa. Alimtaja Vestina, kwamba ndiye aliyemwuliza mumewe alikunywa nini, na kwamba yuko tayari kusema haikuwa homa. Angemficha nini mtu aliyembeba mgongoni? Aristides alisikiliza kwa makini, akauliza maswali machache, akasema jambo hili ni kubwa, halipaswi kuishia kijijini. Aliahidi kwamba yeye mwenyewe atamwita afisa kutoka wilayani.

"Lakini uache pombe, mwenzangu," Aristides alimwambia akimsindikiza. "Mlevi hasikilizwi na mtu."

Basi Gaspari akaacha. Waliokuwa majirani zake wanakumbuka wiki zile. Alitetemeka kama mwenye malaria, akatapika hata maji, akawa anaita majina ya askari waliokufa. Eustadia alimlisha uji kwa kijiko, akamlalisha kwenye mkeka uani ili apate hewa. Homa ile ilipokwisha, alionekana amepungua na macho yake yameacha kuwa mekundu. Akaanza kwenda shambani. Jumapili aliingia kanisani na mkewe, akakaa naye benchi moja kwa mara ya kwanza tangu vita, na Eustadia, ambaye hakuwa mtu wa kuonyesha furaha yake, aliimba kwa sauti mpaka wenzake wakageuka.

Siku ya mkutano ilifika. Afisa wa wilaya angekuja asubuhi, watu wakutane kwenye uwanja wa shule. Eustadia alitangulia na wanawake wengine kuweka viti. Gaspari alibaki akivaa, vifungo vya shati vikimshinda kwa sababu mikono ilimtetemeka. Aristides akatokea kwenye migomba, amevaa suti yake ya chama, na chini ya koti amebeba chupa. Ilikuwa waragi halisi ya Uganda, bado imefungwa, kifuniko hakijaguswa.

Gaspari alisema hapana. Alisema mara nyingi, kwa maneno yake mwenyewe ya baadaye, na kila aliposema alikuwa akiiangalia chupa.

"Tone moja tu la kutuliza mikono," Aristides alisema. "Afisa akiona unatetemeka hivyo, atasema unaogopa, kwa hiyo unadanganya. Mimi nipo. Nitakuambia uache."

Akafungua mwenyewe na kummiminia. Na hakumwambia aache.

Mkutano ulianza kwa Placidia. Alisimama akakiri, kwa sauti ya mtu aliyekariri, kwamba pombe ilikuwa yake, aliitengeneza mwenyewe, na hakuna aliyemletea chochote. Kisha akaitwa Vestina. Gaspari alikuwa amekaa mbele, jasho likimtoka, akisubiri. Vestina hakumtazama.

"Mume wangu alikufa kwa homa," alisema, akakaa.

Gaspari aliinuka kabla ya kuitwa. Aliyoyasema pale, hakuna aliyeweza kuyapanga baadaye. Alichanganya Murongo na vita, madumu na risasi, akalia, akamnyooshea kidole kamanda wa mgambo kwamba ndiye muuaji. Watu wakacheka, maana kila mtu, isipokuwa yeye katika ulevi wake, alijua kamanda yule alikuwa Bukoba masomoni tangu mwanzo wa mwaka, na amerudi juzi tu. Harufu ya waragi ilimfikia afisa mezani pake. Eustadia, kwenye viti vya wanawake, alijifunika uso kwa kitenge.

Ndipo Aristides aliposimama na kuomba radhi kwa niaba ya kijiji. Alisema huyu ni shujaa wa vita, walipigana pamoja, na ulevi ni ugonjwa aliorudi nao kutoka huko. Aliomba asichukuliwe hatua. Afisa aliguswa, akamsifu mwenyekiti kwa moyo wake. Placidia akapandishwa kwenye gari, watoto wake wakilifuata mpaka kwenye kona, na jambo la Fidele likaishia hapo.

Gaspari akarudi kwenye pombe, na safari hii hakuwa na breki. Jambo la ajabu ni kwamba hakumshuku Aristides. Aliamini rafiki yake alikosea kwa huruma, na kwamba mwenye kosa ni yeye mwenyewe asiyejua kunywa tone moja. Tena Aristides alimtembelea mara kwa mara na hakuja mikono mitupu. Hasira yake yote Gaspari aliimwaga kwa Vestina. Akimkuta njiani alimwita mwongo, muuza maiti ya mumewe, mbele ya watu na mbele ya watoto wake. Vestina alikuwa akishuka pembeni ya njia na kumpisha.

Placidia alitoka gerezani mwaka themanini na sita. Alikuwa amezeeka. Aliwakuta watoto wake wametawanywa kwa ndugu, mkubwa amekwishaacha shule. Siku chache baadaye alikwenda kwa Gaspari, akamkuta uani na Eustadia, akakataa kukaa.

"Nimekuja kukuambia jina," alisema. "Aliniahidi nikinyamaza atanisomeshea watoto. Hakumnunulia hata mmoja daftari."

Gaspari aliuliza ni nani, ingawa Eustadia alikuwa amekwishaweka chini jembe lake.

"Aliyekuwa analeta madumu ni Aristides. Kwa baiskeli ya kijiji. Wewe ulipokwenda kumweleza yote, alikuja kwangu kesho yake asubuhi na kunisomea maneno yote niliyokuambia."

Gaspari hakunywa siku ile. Alichukua fimbo yake akaenda kwa Aristides, akamkuta uani akigeuza kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka. Ilikuwa mchana, mkewe na watoto walikuwa shambani. Aristides aliuona uso wake akajua. Hakukimbia wala hakukana. Aliendelea kugeuza kahawa kwa reki.

Gaspari alimwuliza kama alijua ile spiriti inaua. Aristides alijibu kwamba mara ya kwanza hakujua, aliyemwuzia alimwambia ikichanganywa vizuri haina shida. Baada ya Fidele alijua. Alikuwa na madumu mengine ndani, akayamwaga. Sasa angefanya nini, aende jela, kijiji kiongozwe na nani?

"Na mimi?" Gaspari alisema. "Ungeniambia. Ningenyamaza kwa ajili yako. Mungu anisamehe, ningenyamaza."

"Ulevini usingenyamaza."

"Kwa hiyo ukaniletea chupa."

Aristides aliegemeza reki ukutani. Watu wanaojua habari hii wanasema alikuwa na machozi, na Gaspari mwenyewe hakuwahi kukataa hilo.

"Nilikuletea iliyofungwa," alisema. "Uliiona, kifuniko hakijaguswa. Nilikwenda kuinunua mwenyewe ng'ambo. Ningeweza kukuletea ile nyingine, Gaspari, na kila mtu angesema mlevi amekufa kama mwenzake. Sikufanya hivyo. Nakupenda."

Gaspari alikuwa amekwenda na fimbo akikusudia kuitumia. Alisimama akiishika. Alisema baadaye kwamba kama Aristides angemtukana, angempiga mpaka mmoja wao afe. Lakini mtu aliyemharibia maisha alikuwa anasubiri kushukuriwa, na kwa hilo hakuwa na pigo la kumfaa. Akageuka akaondoka, akakanyaga mikeka ya kahawa bila kuiona.

Kutoka pale alikwenda kwa Vestina. Mama huyo alikuwa anapalilia maharage ya mtu, na alipomwona alishuka pembeni kama kawaida yake. Gaspari akapiga magoti kwenye udongo. Vestina alipalilia hatua chache kabla ya kusema.

"Aristides alikuja siku mbili kabla ya mkutano. Alijua nilichokuuliza, neno kwa neno. Akaniuliza karatasi zangu za uraia ziko wapi, na kama watoto wangu wanajua njia ya kurudi Rwanda. Nilijua ni wewe umeniuza, shemeji."

"Sikukuuza."

"Lakini ulisema."

"Nilisema."

Vestina aliinua jembe lake. "Na baada ya hapo ukanitukana miaka miwili."

Hakumwambia amemsamehe. Alimwambia ainuke, anakanyaga maharage.

Gaspari alikwenda Kayanga, wilayani, akiwa mkavu na amevaa shati la kanisani. Afisa aliyemsikiliza alikuwa mwingine, mpole, aliyempa kiti na kumwacha amalize. Aliuliza kama kuna mashahidi. Placidia, alipofikiwa, alisema amekwishafungwa mara moja, inatosha. Vestina hakuulizwa, kwa sababu Gaspari alikataa kumtaja. Kantengwa alikwishahama Murongo na hakuna aliyejua alikokwenda. Jambo likaanguka. Mwaka uliofuata wanakijiji walimchagua Aristides tena, kwa kunyoosha mikono, na wengi walionyoosha walikuwa wamesikia kila kitu. Alikuwa ameleta bati za shule, walisema. Na mambo ya Fidele ni ya zamani.

Siku ile ya uchaguzi Gaspari alirudi nyumbani akamwambia mkewe kwamba hawezi kuendelea kuishi mahali ambapo kila asubuhi anapaswa kumwamkia mtu yule. Eustadia hakubishana. Kaka zake wa Kibingo waliwapa kipande cha ardhi. Kuacha kibanja cha baba, mahali wazazi wamezikwa, ni jambo ambalo mtu wa huku halifanyi kwa wepesi, na wazee wa ukoo walikuja kumkanya. Aliwapikia, akawasikiliza, akahama. Asubuhi ya kuondoka Aristides alituma ujumbe kwamba angependa kuwasindikiza. Hawakujibu.

Huko Kibingo alianza na msitu wa majani na miche ya migomba ya kuomba. Mara mbili alianguka tena kwenye pombe, mara ya pili kwa mwezi mzima, na Eustadia alirudi kwa kaka yake mpaka alipoona moshi wa jikoni unatoka asubuhi. Baada ya hapo hakunywa. Harusini walipopitisha rubisi, pombe ya ndizi, aliomba chai, na wenyeji wakazoea kumwekea. Hakueleza kwa nini. Watoto wa Kibingo walikua wakidhani ni mtu wa dini kali.

Miaka ya tisini, alipokuwa na wajukuu, mtu mmoja kutoka upande wa Songambele alipita akatoa habari za huko: Vestina amepata ekari yake mwenyewe, wanawe wameinunua kwa jina lake. Gaspari aliuliza imepakana na nani, udongo ukoje, ina maji karibu. Aliuliza mengi kuhusu hiyo ekari. Mgeni alipotaka kuendelea na habari za mwenyekiti wa zamani, Gaspari aliinuka akasema anakwenda kukata majani ya ng'ombe, na mvua inakuja.